Kabla Hatujala

Queensburgh, jioni ya kuamkia safari

Mapendo wangu,

Umetoka saa kumi kwenda Westville kuaga wenzako wa chuo, ukasema ikifika saa tatu utakuwa umerudi. Sasa hivi ni saa kumi na mbili kasoro. Kwa hiyo nina kama saa tatu za kuandika jambo ambalo mtu jasiri angekuambia kwa mdomo tangu wiki iliyopita.

Nimekaa kwenye meza hii mara nne na mara nne nimeinuka. Nimekwenda kukagua zipu za begi lako, zote nzima. Nimefungua friji nikaifunga bila kutoa kitu. Nimeshuka chini kutazama gari la kesho, nikazipiga tairi teke moja moja mpaka jirani akaniuliza kama nauza. Joto la Desemba limekaa humu ndani halitaki kutoka, na juu ya kochi umeutandaza ule mfuko wako wa kulalia, wa kuzuia baridi ya kuua mtu. Nikiutazama tu natoka jasho. Mama yako yuko chumbani anapiga pasi flana ambazo utazivaa chini ya makoti matatu, mahali ambapo hakuna wa kuziona. Kila nikipita mlangoni ananitazama. Anajua kuna kitu kinanichemka. Tunapishana humu ndani kama wapangaji wawili waliogombana juzi.

Habari za soksi, glavu na mafuta ya midomo siandiki. Kamba za kupandia umefundishwa na watu ambao kamba ndiyo kazi yao, na barafu umeisoma darasani miaka yote hii. Mimi nilikwenda kule kusini kwenye barafu kama fundi wa injini tu. Nikianza kukueleza jinsi soksi zinavyokaushwa nitajaza kurasa tatu, na nakujua, utazisoma zote kwa heshima huku ukitambua kwamba baba yako anakimbia. Naandika kwa penseli, mazoea yaleyale unayonicheka. Kule wino unaganda ndani ya kalamu, na tangu nirudi sijaiamini tena kalamu ya wino.

Asubuhi umeniachia fomu. “Papa, sign tu pale chini, usisumbuke kusoma yote. Sharp?” Nimesoma yote. Kwenye ukurasa wa tatu kuna swali ambalo lilikuwepo hata wakati wangu: likitokea jambo zito nyumbani, ugonjwa au kifo, wakati uko kambini na hakuna njia ya kurudi, je, ungependa uambiwe? Visanduku viwili. Cha kwanza: ndiyo, niambiwe. Cha pili: hapana, nisiambiwe mpaka nitakaporudi. Umetia alama kwenye cha pili.

Mimi pia nilitia cha pili. Ulikuwa na miaka sita.

Na sasa nikuambie nililokatazwa kukuambia. Naliweka hapa mwanzoni kwa sababu najijua: nikiliacha mpaka mwisho nitaishiwa karatasi kwa makusudi. Mama yako ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Watautoa Jumatano, siku ambayo meli yenu itakuwa imeshaiacha Cape Town nyuma. Mpaka wautoe na kuupima ndipo watajua ni uvimbe wa aina gani. Daktari aliongea kwa utulivu, lakini huo utulivu wao sijawahi kuujua maana yake. Mama yako amejua kwa wiki tatu. Wiki iliyopita alinishika mkono jikoni akaniambia, “Papa Mapendo, usimuambie mutoto. Akijua hataenda, na hii shanse haitarudia. Asijue mpaka arudi. Unanisikia?” Nikasema nimesikia. Sikusema nimekubali, lakini usinisifu kwa hilo. Nilijua atalichukua kama nimekubali, nikaliacha hivyo hivyo.

Nimeinuka tena, nimerudi. Nilikwenda kunywa maji.

Unajua nilivyofika kule, lakini nimekuwa nikikusimulia kwa kutia chumvi, kwa hiyo leo nikupe bila chumvi. Tulikuwa tunakaa Albert Park, ghorofa ya saba, lifti imekufa. Nilikuwa natengeneza jenereta kwenye gereji ya Mkongo mwenzangu. Siku moja akaja mzee mmoja wa chuo, profesa wa mawe, na jenereta iliyokataa kuwaka. Nikaifungua mbele yake, nikaisafisha kabureta, ikawaka. Akanitazama mikono badala ya uso, akaniuliza kama nimewahi kuona theluji. Nikamjibu kwamba nimewahi kuona barafu ya samaki. Akacheka sana, na miezi minne baadaye nilikuwa kwenye meli, natapika.

Kambi yetu ilikuwa mahema mawili chini ya kilima cha mawe meusi kilichochomoza katikati ya barafu. Tulikuwa wanne: Profesa, mwanafunzi wake wa kike, mimi, na Themba, kijana wa hapahapa Queensburgh, mtu wa kamba. Themba ndiye niliyelala naye hema moja. Utaona mwenyewe, siku ya kule haina kichwa wala miguu, jua linazunguka juu kama inzi asiyepata pa kutua. Unalala umefunga kitambaa machoni. Ukiamka, pumzi yako ya usiku imegeuka unga mweupe juu ya mfuko wa kulalia, na kabla hujafikiria chai unafikiria maji, maana maji hakuna. Unatoka na msumeno, unakata matofali ya theluji, unayayeyusha kwenye sufuria moja baada ya jingine. Siku ya kwanza niliijaza sufuria theluji tupu nikaunguza. Themba alikaa chini akacheka mpaka akakohoa. Hakuna aliyenifundisha kwamba lazima uache maji kidogo chini ya sufuria. Mama yako bado ananitania kwamba mume wake ameunguza maji, na ni kweli.

Baada ya chai mimi naziwasha pikipiki za theluji, na hapo nilikuwa mfalme, kwa sababu zilimkataa kila mtu isipokuwa mimi. Kisha tunafungwa kamba tunapanda. Kazi yenyewe unaijua kuliko mimi. Profesa alikuwa analikalia jiwe kama mtu anayesikiliza mlangoni. Anapima kwa dira, anachora mshale juu ya jiwe kuonyesha lilivyoelekea, anaandika namba juu ya jiwe lenyewe, namba ileile kwenye mfuko, namba ileile kwenye daftari, ndipo anapiga nyundo. Mimi nilikuwa nabeba. Nilimwona anapoteza muda. Vidole vinakufa, upepo unakuja, naye anaandika jambo moja mara tatu.

Nikuambie kosa langu la kwanza la kule. Wiki ya kwanza, upepo ulitukuta mlimani nikapakia haraka haraka, mawe ya kingo mbili tofauti nikayachanganya kwenye sanduku moja. Mifuko miwili ikapasuka njiani na namba za mawe manne zikafutika kwa kusuguana. Jioni, wakati Profesa anapika, niliketi na ile kalamu nene ya rangi ya kuandikia mawe nikaziandika namba upya kwa kukisia. Nilijiambia mawe ni mawe, yote meusi. Tena nilijiambia namwondolea mzee wa watu usumbufu, amechoka, kwa nini nimpe habari mbaya na chakula hakijaiva?

Siku tatu baadaye tulikuwa tumefungiwa na dhoruba, tumelala tu, hema linapigwa kofi mchana kutwa. Profesa akafungua lile sanduku kupitisha muda. Akatoa jiwe, akalitazama, akatazama daftari, akatazama jiwe. “Hili halikutoka pale,” akasema. Nikanyamaza. Akatoa jingine. Nikanyamaza tena. La tatu ndipo nikasema. Hakupiga kelele, na ningefurahi kama angepiga. Alisema, “Ungeniambia jioni ileile tungerudi kesho yake, ni mwendo wa nusu saa. Sasa sijui niamini lipi kati ya haya yote.” Akaliweka kando sanduku zima. Nilikuwa nimekosea mawe manne, na kwa kuficha nikayaua mawe arobaini.

Ungedhani mtu aliyepata somo hilo angekumbuka fomu aliyoijaza kabla ya safari. Wapi. Haikunijia hata kidogo. Fomu niliijaza nikiwa na Koko yako kichwani, mama yangu, aliyekuwa mgonjwa Bukavu miaka mingi. Niliwaza: akifa nikiwa kule nitafanya nini, nitalia juu ya barafu na glavu mikononi? Bora nisijue, nimalize kazi, nije nilie nyumbani kama mtu. Niliona ni busara. Sikumwuliza mama yako. Wala sikumwambia kwamba swali kama hilo lipo. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, mwenye afya, anapanda ngazi za ghorofa ya saba na ndoo. Hakunijia kichwani kabisa. Nimelifikiria hili miaka kumi na minane na bado linaniumiza: kwenye swali la jambo zito nyumbani, mke wangu hakunijia kichwani.

Nimesikia pasi imewekwa chini. Nimesimama nikajifanya natafuta maji. Sasa anapiga tena.

Kila jioni saa mbili redio ya kituo kikuu ilikuwa inaita kila kambi. Ni sheria, utaiona. Unasema mko wangapi, hali ya hewa, na kama wote wazima. Usipojibu wanaanza kukutafuta. Zamu ya redio ilikuwa yangu kwa sababu Profesa alikuwa haisikii vizuri. “Watu wanne, wote wazima,” nilikuwa nasema, na yule bwana wa upande wa pili anarudia, “Wanne, wote wazima.” Tulitaniana sana naye. Halafu katikati ya Januari akaacha utani. Nikadhani amechoka na baridi. Anarudia maneno, ananyamaza kidogo, anakata.

Mdogo wako Ombeni alizaliwa wiki hiyo, kabla ya wakati wake. Aliishi siku mbili. Hili unalijua, kila Januari tunakwenda wote watatu makaburini. Usilolijua ni hili. Tumekuambia siku zote kwamba ujumbe haukufika kule barafuni, kwamba enzi hizo simu zilikuwa shida. Si kweli. Mama Sifa wa kanisani alipiga simu ofisi ya msafara wetu siku ileile, amekaa pembeni ya kitanda cha mama yako. Mwanamke wa ofisini alimjibu kwa upole kwamba wanasikitika sana, lakini bwana mwenyewe ametia alama kwamba asiambiwe. Mama Sifa akamgeukia mama yako, akamweleza. Mama yako alisema, “Basi. Kama ni yeye alisema, basi.” Mama Sifa ndiye aliyenipa maneno hayo, miaka mingi baadaye. Mama yako hajawahi kunirudishia hata mara moja.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda kwetu. Aliye mbali haambiwi. Unayajua, umeyaona kwa majirani: mtu amefiwa Uvira, jengo zima Albert Park linajua isipokuwa yeye, watu wanamsalimia kwenye ngazi huku wanaficha macho. Wakakubaliana nisisikie kitu mpaka nifike. Na wewe, miaka sita, ukaingizwa kwenye mapatano ya wakubwa.

Jumapili tuliruhusiwa dakika chache za simu ya setilaiti. Nilipiga nikiwa nje, nimegeuza mgongo kwa upepo, nikamwuliza mama yako hali. “Tuko bien, tuko muzuri, Papa Mapendo. Kazi inaenda?” Nikamwuliza, tumbo iko namna gani? Akanyamaza, nikadhani ni simu, sauti ya kule inachelewa. Akasema, “Inaendelea.” Nikamwambia asibebe ndoo. Nilimwambia hivyo, Mapendo, siku ya tisa baada ya mazishi. Kisha nikasema nipe mtoto. Ukashika simu. Nikakuita mara mbili. Ghafla ukaanza kuhesabu kwa Kizulu, kama mlivyofundishwa shule: kunye, kubili, kuthathu, mpaka kumi, halafu ukaanza upya kutoka moja, na mara ya tatu, mpaka dakika zikaisha. Nilirudi hemani nimevimba kichwa. Nikamwambia Themba, mtoto wangu anahesabu kama Mzulu aliyezaliwa Umlazi. Akasema, “Eish, Papa, huyo atakuwa mtu mkubwa.” Tukaufungua mkebe wa mwisho wa maziwa ya sukari kusherehekea.

Baadaye sana ndipo niliambiwa kwamba ulikuwa umefundishwa: Papa akiuliza kitu, usijibu, mhesabie. Sijui kama unakumbuka. Sijawahi kuthubutu kukuuliza. Ninachojua ni kwamba mpaka leo ukiwa na shida unaanza kuhesabu vitu, ngazi, magari, vijiko, na mimi nikikusikia natoka chumbani.

Nilirudi mwisho wa Februari, kwa basi kutoka Cape Town, na begi lenye jiwe jeusi alilonipa Profesa. Kwenye meli yule bwana wa redio hakuweza kunitazama usoni. Nikamwita mezani mara mbili akasema ana kazi. Nilipanda ngazi saba mbio. Ndani nikakuta watu nane wa kanisani, na meza imejaa: fufu, sombe ya majani ya muhogo, samaki mzima wa kukaanga. Nikafurahi, nikasema mmejuaje basi linafika saa hii? Mama yako alikuwa ameketi nyuma ya meza amejifunga vitenge viwili. Nilitaka nimwinue nione tumbo, Mama Sifa akanishika bega. “Kula kwanza, Papa. Umetoka mbali.”

Nikala. Nilikula sahani mbili, Mapendo. Kule tulikuwa tunakula chakula cha pakiti siku arobaini na kitu, nilikuwa na njaa ya mwaka mzima. Na nilikuwa nasimulia huku nakula: nilivyounguza maji, choo cha kule kilivyo, Themba alivyoamka viatu vyake vimeganda akavipigapiga kama ngoma. Hakuna aliyecheka. Nikadhani sisimulii vizuri, nikaongeza sauti. Nilipochukua kipande cha tatu cha samaki, mzee mmoja akasogeza kiti chake karibu na changu, na hapo, kwa vile nimekulia kwetu, nikaelewa. Watu wa kwetu hawakusogelei hivyo bure. Samaki alikuwa mdomoni, sikujua nimmeze au nimteme. Nikamtazama mama yako. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, macho makavu. Alikuwa amemaliza kulia kabla sijaanza.

Wanalisha mtu kwanza kwa huruma, siwalaumu. Wanasema ukishaambiwa hutakula tena. Lakini tangu siku ile chakula cha kupewa na wageni kinanikaba, umeniona kwenye harusi nikizungusha sahani. Na ninaposema siwalaumu namaanisha. Wao walifunga mlango ambao mimi nilikuwa nimeshaufunga. Wangetaka kuniambia wasingeweza.

Sasa ni saa mbili na robo. Redio ingekuwa imeshaita.

Naogopa, mwanangu, na sitaki kukuficha. Naogopa utasoma hii utakaa, na nafasi uliyoipigania tangu mwaka wa kwanza itakwenda kwa mwingine, na mama yako ataniambia hilo ndilo nililotaka. Naogopa pia utakwenda, na Jumatano usiku nitapata habari mbaya mikononi na sitajua niipeleke wapi. Nimejaribu kuchagua hofu moja niishike, siwezi, ndiyo maana nazunguka hii meza. Sina cha kukushauri. Ningekuwa nacho nisingeandika kurasa zote hizi. Ninachojua ni kwamba jioni ile kambini niliamua kwa niaba ya Profesa kile anachoweza kukibeba, na kwenye fomu niliamua kwa niaba ya mama yako kwamba hataniita. Mara zote mbili nilijiona mtu mwema. Wiki hii nimekuwa mtu mwema tena, na ninanuka wema huo mpaka jirani anausikia.

Nilipanga kuificha barua hii chini kabisa ya begi, ndani ya mfuko wa kulalia, ili uikute hemani ukiwa umeshafika. Nimeiweka huko kweli, nusu yake, saa moja iliyopita. Halafu nikaona ninachofanya: nakulisha kwanza. Nikaitoa.

Mama yako amekuja.

Nimeandika maneno hayo matatu na penseli ikasimama, kwa sababu alikuwa nyuma yangu. Ameyachukua makaratasi yote kimya kimya. Amesoma amesimama, ukurasa kwa ukurasa, flana yako begani kwake. Mimi nimekaa nimeshika penseli kama mtoto anayesubiri kusahihishiwa. Alipofika mahali pa Mama Sifa akarudia kusoma. Kisha akavuta kiti.

“Ulisema ulisikia,” akaniambia.

“Nilisikia.”

“Na umemuandikia.”

“Nimemuandikia.”

Nilingoja anifokee. Ningestahili. Badala yake ameichukua ile fomu yako akaitazama muda mrefu, kidole chake juu ya kisanduku cha pili, akiisugua ile alama kama doa ambalo labda litatoka. Wewe umetumia wino, haitoki.

“Ile siku ya simu,” akasema, “uliniuliza tumbo iko namna gani. Mi nikasema inaendelea. Nilikuwa nangoja uulize mara ya pili. Ningekuambia. Hata watu wa kanisa wangekasirika, ningekuambia. Lakini ukaniambia habari ya ndoo.”

Miaka kumi na minane, Mapendo, na hili nimelisikia leo. Nimemshika mkono, akaniachia. Amelia kidogo, nami nimelia, siyo kidogo.

Halafu ameinuka kama kawaida yake, akaenda jikoni. Tangu mchana alikuwa amekupikia sombe na samaki wa kukuaga, unasikia harufu yake ukiwa bado kwenye ngazi, najua. Nilidhani anaanza kupakua. Amezima jiko, akafunika sufuria, akarudi kuketi. “Asile kwanza,” akasema. “Asome. Chakula itangoja.”

Fomu sijaitia sahihi. Iko hapa karibu na barua. Nimekuchapishia ukurasa wa tatu mwingine, mtupu, hauna alama, kwa sababu ni wewe utakayeujaza, siyo mimi na siyo mama yako. Ukitaka kubaki, begi litafunguliwa na hakuna atakayekulaumu. Ukitaka kwenda, kesho saa kumi na moja gari liko tayari, tairi zake nimezikagua kuliko inavyofaa. Ukiacha kisanduku cha pili vilevile, nitaheshimu, na Jumatano nitanyamaza kama yule bwana wa redio. Nakuomba tu usikijaze ukidhani unatuondolea usumbufu.

Geti limelia. Ni wewe, namsikia mlinzi anakutania kuhusu baridi. Mama yako amekaa wima, ameweka mikono juu ya meza, na mimi naandika haraka herufi zinakimbia.

Kaa hapa kati yetu. Ukimaliza kusoma, mwulize mama yako hali yake. Nakwambia mapema, atakujibu yuko bien. Mwulize mara ya pili.

Papa